Kuzima, kufifisha au kubadilisha: taa za barabarani na usalama wa anayetembea

Bili ya umeme ikipanda, taa za barabarani huwa kati ya vitu vya kwanza kuguswa. Swichi moja inazima barabara nzima, na kesho yake hakuna duka lililofungwa wala mashine iliyosimama. Gharama inamwangukia anayetembea, na kwetu anayetembea ndiye mwenye barabara. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2018 ilionyesha kwamba katika kanda ya Afrika, watembea kwa miguu na waendesha baiskeli ni asilimia 44 ya wote wanaokufa kwa ajali za barabarani. Kwa hiyo suala la kupunguza mwanga tusimwachie fundi umeme peke yake.

Ulinganisho huu ni kwa mtu ambaye lazima aamue: diwani, mhandisi wa halmashauri, mwenyekiti wa mtaa, au msimamizi wa chuo au hospitali yenye njia zake. Msimamo wangu nautanguliza: punguza wati kabla ya kupunguza saa, na punguza saa kabla ya kupunguza nguzo. Sababu zinaanzia kwenye hesabu.

Hesabu ya kilomita moja

Chukua barabara ya mtaa yenye urefu wa kilomita moja na nguzo 40, moja kila mita 25. Taa zake ni za sodiamu, zile za njano, za wati 150. Ukiongeza umeme unaoliwa na balasti, kifaa kinachodhibiti umeme unaoingia kwenye taa, kila moja inavuta kama wati 170. Huku karibu na ikweta usiku wetu haurefuki na kufupika kama wa Ulaya, kwa hiyo taa zinawaka takriban saa 12 kila siku ya mwaka. Barabara hiyo inakula uniti 81.6 kwa usiku mmoja, karibu uniti 29,800 kwa mwaka.

Ukizima nguzo moja kati ya kila mbili, matumizi yanashuka hadi uniti 40.8 kwa usiku. Ukiziacha nguzo zote lakini ukazima taa kuanzia saa 6 usiku hadi saa 11 alfajiri, yanakuwa 47.6. Ukizibadilisha zote kuwa LED za wati 60 zinazowaka usiku kucha, yanakuwa 28.8. LED hizo ukizififisha hadi nusu kwa zile saa tano za usiku wa manane, unafika 22.8. Ukizizima kabisa kwa saa hizo tano, 16.8.

Zitazame namba mbili za mwisho. Kati ya kufifisha LED na kuzizima kabisa kuna tofauti ya uniti 6 tu kwa usiku, kwa kilomita nzima. Kwa bei ya shilingi 350 za Tanzania kwa uniti, hiyo ni shilingi 2,100. Ndicho kinachopatikana kwa kuiacha barabara nzima gizani badala ya kuififisha. Wengi wanaotetea kuzima bado wana hesabu ya sodiamu kichwani, ambako saa tano za giza ni uniti 34. Taa zikishabadilishwa, hoja yao inakosa nguvu.

Kuruka nguzo

Hii ndiyo njia inayotumika haraka kuliko zote, kwa kuwa mara nyingi nguzo zimegawanywa kwenye fezi tatu, yaani nyaya tatu za umeme, na fundi anaweza kukata fezi moja asubuhi na kumaliza kazi. Haihitaji kununua chochote. Na kwa mtembea kwa miguu ndiyo mbaya kuliko zote.

Jicho linajizoesha na mwanga lililomo. Mtu akipita chini ya taa inayowaka kwa nguvu yake yote kisha akaingia kwenye mita kadhaa za giza, huo muda mfupi haoni shimo, haoni mtaro ulio wazi, haoni mtu aliyesimama ukutani. Dereva naye anapata shida ileile kwa kasi kubwa zaidi: anamwona mtu chini ya taa, anampoteza, kisha anamkuta mbele ya bonneti. Ndiyo maana viwango vya Ulaya vya taa za njia za miguu, EN 13201, haviishii kwenye wastani wa mwanga. Daraja linaloitwa P4, kwa mfano, linataka wastani wa laksi 5 (laksi ni kipimo cha mwanga unaofika mahali) na pia mahali penye giza zaidi pasishuke chini ya laksi 1. Ukiruka nguzo moja kati ya kila mbili, wastani unapungua kwa nusu, lakini ile sehemu ya katikati inashuka zaidi ya nusu, kwa sababu ilikuwa inapokea mwanga wa nguzo iliyozimwa.

Kama huna fedha kabisa mwaka huu, nakushauri ufanye kinyume: acha taa zote, osha vioo vyake, kata matawi ya miembe na mikungu yaliyozifunika. Vumbi la barabara ya udongo na moshi wa malori hula mwanga ambao tayari umeulipia.

Kuzima usiku wa manane

Hapa lazima tukae kidogo, kwa sababu ushahidi upo na unasomwa vibaya na pande zote mbili.

England na Wales zimeijaribu njia hii kwa upana. Baada ya bajeti za serikali za mitaa kubanwa, kaunti kama Essex zilizima sehemu kubwa ya taa zao za makazi usiku wa manane. Mwaka 2015 watafiti wa London School of Hygiene & Tropical Medicine na University College London walichapisha uchunguzi uliohusisha mamlaka 62. Hawakupata ushahidi kwamba kuzima, kuzima kwa sehemu ya usiku, kufifisha au kuweka taa nyeupe kuliongeza ajali au uhalifu. Uchunguzi mwingine uliotolewa mwaka 2022, wa eneo la Thames Valley, ulikuta wizi wa vitu ndani ya magari umepungua kwenye mitaa iliyozimwa taa, pengine kwa sababu mwizi naye haoni kilichomo ndani ya gari. Lakini ulionyesha pia dalili kwamba wizi ulihamia mitaa ya jirani iliyokuwa bado na taa.

Anayetaka kuzima atachukua matokeo haya akimbie nayo hadi kwenye baraza la madiwani. Kabla hajafika, aangalie yanatoka wapi. Mtaa wa makazi wa Kiingereza saa 7 usiku una njia ya miguu iliyoinuliwa na kusakafiwa, mitaro imefunikwa, na wengi wa waliomo barabarani wako ndani ya magari. Mamlaka zilichagua mitaa ya kuzima kwa kupima hatari kwanza, na kwa kawaida barabara kuu na njia panda ziliachwa na taa. Matokeo yale yanatuambia kwamba ukichagua kwa uangalifu mahali pasipo na watu, madhara yanaweza yasionekane. Hayatuambii lolote kuhusu barabara ya vumbi yenye mtaro wazi na bodaboda isiyo na taa ya mbele.

Upande mwingine wa ushahidi unatoka New York. Mwaka 2016 jiji hilo liliweka minara ya taa za muda kwenye baadhi ya makazi ya umma yenye uhalifu mwingi, yakichaguliwa kwa bahati nasibu ili yalinganishwe na yale yasiyopata. Uhalifu mkubwa wa nje wakati wa usiku ulipungua kwa takriban asilimia 36. Palepale penye watu nje na penye hatari tayari, mwanga ulifanya kazi kubwa.

Ukiziweka tafiti hizi pamoja hazipingani. Swali ni nani yuko nje saa ngapi. Na hapo ndipo ratiba ya saa 6 hadi saa 11, iliyoigwa Ulaya, inapotukosea. Kwetu siku huanza mapema. Saa 10 alfajiri wachuuzi wa samaki wako njiani kwenda Feri jijini Dar es Salaam, wasukuma mikokoteni wanaelekea Kongowea kule Mombasa, mama wa vitumbua anabeba karai na mkaa, na muda si mrefu waumini wanatoka kwenda swala ya alfajiri. Mwezi wa Ramadhani watu wanatembea hadi daku. Saa tupu kwelikweli katika mitaa mingi ya miji yetu ni kati ya saa 7 na saa 10 usiku, yaani saa tatu tu. Kuzima kwa saa tatu kunaokoa robo ya umeme wa usiku, na si karibu nusu kama wengi wanavyotarajia.

Kuna jambo jingine ambalo takwimu za ajali na uhalifu haziwezi kulionyesha. Zinahesabu aliyegongwa na aliyeibiwa. Hazimhesabu muuguzi aliyeacha zamu ya usiku kwa sababu njia imekuwa giza, wala binti aliyeacha masomo ya jioni. Mtaa ambao wanawake wameuhama usiku unaweza kuonekana salama sana kwenye jedwali. Kwangu hilo ni jeraha, na anayeamua kuzima analibeba hata kama hakuna ripoti ya polisi.

Kuzima nakukubali mahali pamoja: kwenye eneo lisilopitwa na mtu usiku, kama eneo la viwanda lenye walinzi wake au maegesho yanayofungwa. Hapo zima bila wasiwasi.

Kubadilisha taa

Hii ndiyo njia inayookoa zaidi, na bahati nzuri ndiyo inayomsaidia anayetembea. Los Angeles ilibadilisha taa zaidi ya 140,000 kuwa LED kuanzia mwaka 2009, na matumizi ya umeme ya taa hizo yakashuka kwa takriban asilimia 63. Mwanga mweupe unaonyesha rangi, ambazo sodiamu inazifuta. Chini ya taa ya njano shati jekundu na la kahawia ni kitu kimoja, na uso wa mtu anayekujia hausomeki mpaka akufikie.

Kikwazo ni fedha za kuanzia. Halmashauri inayolipa bili kwa mwezi haipati kirahisi fungu la kununua taa elfu moja kwa mkupuo. Ndiyo maana nasema anza na barabara zenye sodiamu kubwa, za wati 250 na 400, kwa kuwa huko kila taa inayobadilishwa inarudisha fedha yake mapema zaidi.

Usinunue nyeupe ya kupindukia. Jiji la Davis, California, liliweka LED kali mwaka 2014, wakazi wakalalamika kwamba zinawachoma macho na kuingia vyumbani, na jiji likalazimika kuzing'oa nyingi na kuweka za rangi ya joto zaidi. Mwaka 2016 Chama cha Madaktari cha Marekani kilishauri taa za barabarani zisizidi kelvini 3000, kipimo cha rangi ya mwanga ambacho kikipanda mwanga unakuwa mweupe zaidi. Pwani kuna sababu ya ziada. Watoto wa kasa wakianguliwa hukimbilia upande wenye mwanga, ambao kwa asili ni bahari. Taa nyeupe ya ufukweni huwapeleka barabarani. Sehemu kama Watamu, ambako kasa hutaga, zinahitaji taa za rangi ya kaharabu zilizofunikwa upande wa bahari, wala hapo sitetei nyeupe hata kidogo.

Kufifisha

Ukishakuwa na LED, kufifisha ni kazi ya kifaa kidogo ndani ya taa, na zipo zinazokuja zimepangwa tangu kiwandani. Jicho halihesabu mwanga kama mita ya umeme. Ukipunguza nguvu ya taa kwa robo taratibu, wengi hawatambui; ukipunguza kwa nusu, wanaona tofauti lakini bado wanaona njia. Mwezi mpevu unatoa kama robo ya laksi tu, na babu zetu walisafiri nao. Utafiti wa Steve Fotios na wenzake wa Chuo Kikuu cha Sheffield kuhusu watembea kwa miguu umeonyesha kwamba kwa kuona kikwazo cha chini, faida ya kuongeza mwanga huwa kubwa kwenye viwango vya chini, kisha huisha haraka ukishapita laksi moja au mbili. Kuutambua uso wa mtu kunahitaji zaidi ya hapo.

Kwa hiyo mtaa wenye laksi 7 saa 2 usiku unaweza kushushwa hadi 3 au 4 saa 7 usiku bila mtu kujikwaa. Masharti ni mawili. Taa zote zishuke pamoja, usiache moja kali katikati ya zilizofifia. Na zirudi juu kabla ya saa 10 alfajiri. Hakikisha ratiba inaweza kubadilishwa kwa ajili ya Ramadhani, sikukuu na siku za mnada, kwa sababu taa iliyopangwa kiwandani bila njia ya kuipanga upya itakubana miaka kumi.

Taa zenye kihisi

Taa inayoamka ikimhisi mtu inavutia kwenye karatasi. Tatizo lake kwa anayetembea ni kwamba inamwangazia yeye na kuacha giza mbele yake: anaonekana na kila mtu, naye haoni anakoenda. Ili ifae, taa lazima ziongee zenyewe kwa zenyewe, ili ya tatu na ya nne mbele ziwake kabla hajazifikia, na wakati hakuna mtu zibaki kwenye asilimia 20 au 30, zisizimike kabisa. Mfumo wa hivyo unafaa njia ya chuo au hospitali yenye fundi wake. Mtaani, penye mbwa na bodaboda za usiku kucha, utawaka muda mwingi na fedha yake haitarudi.

Sola

Sola inaondoa bili kabisa na haizimiki siku ya mgao. Lakini fanya hesabu mwenyewe kabla ya kumwamini muuzaji. LED ya wati 30 ikiwaka saa 12 inakula wati-saa 360. Kwa jua la saa nne na nusu za nguvu kamili kwa siku, na ukitoa upotevu wa kawaida, unahitaji paneli ya karibu wati 115. Ili ivumilie siku mbili za mawingu ya masika, betri iwe na zaidi ya wati-saa 1,300. Sasa angalia zile taa za bei nafuu zilizoandikwa wati 200 au 300 zenye kipaneli kisichozidi upana wa sinia. Haiwezekani. Zinawaka vizuri hadi saa 3 au 4 usiku kisha zinafifia, na kufika alfajiri ni pambo.

Betri ndiyo roho yake na ndiyo inayoibwa. Iwekwe juu ya nguzo pamoja na taa, isiwekwe kwenye sanduku chini. Iwe ya lithiamu ya chuma na fosfeti, inayodumu kuliko ya asidi. Kwenye upepo wa chumvi wa pwani, nguzo iwe imechovywa zinki, la sivyo kutu itaifikia kabla betri haijachoka. Kwa mtaa usio na waya wa umeme karibu, sola iliyopimwa sawasawa inaishinda gridi. Kwa barabara yenye nyaya tayari, badilisha taa tu.

Mlingoti mmoja au taa ndogo nyingi

Kwenye makazi yaliyobanana, Kenya ilipenda milingoti mirefu ya taa kali, ile ambayo watu wanaiita mulika mwizi. Khayelitsha, Cape Town, ina milingoti ya aina hiyo tangu enzi za ubaguzi wa rangi. Mlingoti unaangaza eneo kubwa kutoka juu, lakini vichochoro vilivyo nyuma ya kuta vinabaki kwenye kivuli kizito, na taa zikifa, mtaa wote unazimika kwa mpigo. Watafiti wa chuo kikuu cha ETH Zurich cha Uswisi walifanya kazi na wakazi wa sehemu moja ya Khayelitsha kuweka taa ndogo za sola kwenye kuta za nyumba, kando ya vijia ambavyo watu hupita kwenda chooni na bombani usiku.

Mimi nachagua za ukutani. Wati tano kwenye mdomo wa kichochoro zinamfikia mtoto anayekwenda chooni, ambaye mlingoti wa wati elfu kadhaa haumfikii. Na mwenye nyumba ambaye taa iko ukutani kwake hutoa taarifa siku ileile ikifa.

Pa kutogusa

Vivuko, vituo vya daladala na matatu, njia panda na lango la hospitali havimo kwenye ratiba yoyote ya kupunguza. Gari lenye mwendo wa kilomita 50 kwa saa linakwenda karibu mita 14 kila sekunde. Dereva akichelewa sekunde moja kumwona mtu, urefu wa basi zima umeshapotea. Mamlaka ya Barabara Kuu ya Marekani ilipendekeza laksi 20 za wima kwenye kivuko, zipimwe mita 1.5 kutoka ardhini, yaani kwenye kifua na uso wa mtu. Ili kupata hizo, taa haiwekwi juu ya kivuko chenyewe. Inawekwa kabla yake kwa upande gari linakotokea, imwangaze mtu kwa mbele. Ikiwa juu yake au nyuma yake, dereva anaona kivuli tu. Kusogeza nguzo hivyo ni gharama ya mara moja, na kunaweza kufanyika bila kuongeza hata wati moja.

Hatua ya kwanza, kabla ya zabuni, ni kuipita barabara husika kwa miguu saa 10 alfajiri pamoja na wanaoitumia saa hiyo: mama lishe, mlinzi anayetoka zamu, mzee wa msikiti. Waonyeshe kila nguzo itakayofifishwa na uandike wanayokataa. Halafu, kwenye mkataba wa mkandarasi, weka vipengele vitatu: kiwango cha chini cha laksi katikati ya nguzo mbili, kipimwe usiku mbele ya serikali ya mtaa, ratiba inayoweza kubadilishwa bila kulipa upya, na siku za mwisho za kurekebisha taa iliyokufa, pamoja na faini. Bila kipengele cha kwanza, mkandarasi atakupa wati chache kama ulivyoomba, na mwanga mchache ambao hukuuomba.